Chumvi ya Kadidja

Siku Kadidja alipomwona Bilali kwa mara ya kwanza, mwanamume huyo alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji wa soko la Tshopo, shati jeupe limechomekewa vizuri, viatu vinang'aa, anachota maji meusi kwa chupa. Kadidja, fundi wa nguo hapo sokoni, akasimamisha cherehani.

"Papa, ile mayi unapeleka wapi? Iko sumu!"

"Ndiyo maana naitaka, mama. Mule ndani muko virusi yenye inakula microbes. Tunaiita phages. Natumika ku labo."

"Bon, chota yote basi, soko ipumue!"

Kadidja akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi cha kumkunja mgongo. Wauza samaki wakavuta mabakuli yao kando, kama kawaida yao. Bilali hakusogea. Alingoja kiishe, kisha akauliza kama angeweza kumshonea koti la kazi.

Baada ya koti la kwanza likaja la pili, kisha suruali ambayo hakuwa na haja nayo. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, chérie?"

"Nimekula sindano na uzi."

"Kesho nakuletea mikate ya moto."

Kadidja hakumficha kitu. Mara tatu alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu, na mara tatu vipimo havikuona kifua kikuu. Wachumba wawili walishakimbia.

"Mi nashinda na microbes kutwa nzima," Bilali alimjibu. "Weye ndiye utaniogopesha?"

Jumapili moja mchana, kwenye joto kali, walitembea kando ya mto Tshopo. Kadidja alivaa gauni la kikwembe cha kijani lenye mabega yaliyofura, alilolishona mwenyewe kwa siku hiyo. Bilali akambusu kwenye paji la uso. Kisha akalamba midomo, na uso wake ukabadilika.

"Uko na chumvi mingi."

"Iko jasho tu, mupenzi."

Bilali akamrudisha nyumbani mapema. Siku nne zikapita bila simu. Kadidja akamhesabu kuwa mchumba wa tatu kukimbia, akalikunja koti alilokuwa akimshonea na kulisukuma chini ya meza.

Siku ya tano Bilali akaja, macho mekundu kwa kusoma.

"Nafikiri nimejua ugonjwa yako. Mucoviscidose. Mutu anazaliwa nayo, haiambukize. Makohozi inakuwa nzito, microbes inajenga mule, mwili inapigana nayo mpaka mapafu inavimba. Jasho nayo inakuwa na chumvi kupita ya watu wengine. Nilikuwa naulizauliza madoctere, sikutaka kukuogopesha bure."

"Donc ile siku ulinipiga bizu ku paji ya uso, ao ulinipima?"

"Nilikupiga bizu. Kisha ulimi ikaanza kufikiri."

Kadidja hakucheka. "Siku ine, Bilali! Siku ine nalia peke yangu. Enda."

Jioni alimsimulia mama yake kwa hasira. Mama akaacha kutwanga pondu, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Ulipokuwa mutoto, nilikuwa nakubusu naonja chumvi," alisema polepole. "Nilifikiri iko machozi yangu."

Kadidja akachukua simu. "Bilali, njoo. Nipime vizuri. Lakini usininyamazie tena, hata siku moja."

"Nakuapia, bolingo yangu."

Daktari aliyepita kutoka Kinshasa akapima jasho lake na kuthibitisha, akamfundisha mama kumpigapiga mgongo. Bilali naye akaotesha bakteria wa makohozi ya Kadidja maabara, akawatilia maji ya mfereji. Baada ya wiki kadhaa akaja nyumbani kwao na picha ya kisahani cha kioo: bakteria wametanda kama ukungu, na katikati matundu safi.

"Ile matundu ni phage ya mufereji. Imekula microbe yako."

"Nipatie ninywe!"

"Bado, chérie. Sitakudanganya. Wanasayansi wanaanza tu kuijaribu ku wagonjwa. Wanatumaini itaua microbes na kutuliza ule uvimbe, lakini inaweza pia kuchokoza mwili. Itachukua miaka. Kwa sasa, dawa ya doctere, na kupigwapigwa mugongo kila asubuhi ili makohozi itoke."

"Mikono ya mama imechoka."

"Nitapiga mimi."

"Kila asubuhi? Utoke kwako Kabondo mpaka huku?"

"Sitaki kutoka Kabondo. Nataka kuamka pale penye unaamka."

Mama akainamia kinu, akajifanya hajasikia. Kadidja akahesabu miaka asiyokuwa na hakika nayo.

"Ninaweza kukuacha mapema," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Utamuona kwanza tonton Waziri, ndugu ya papa, weye na jamaa yako yote, muniombe."

"Kesho."

Kadidja akavuta kigoda, akaketi, akamgeuzia mgongo.

"Anza basi. Nione kama unajua."