Karatasi Zenye Picha

Kila Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri juu ya milima ya Uluguru, Shadia alikuwa ameshafagia uwanja, ameshaosha vyombo na ameshashika kikapu. Kazi iliyofuata aliipenda kuliko zote, nayo ni kwenda mjini dukani kwa Bi Shirin kuchukua karatasi.

Bi Shirin aliuza vifaa vya shule, na pembeni mwa meza yake palikuwa na mashine ya fotokopi iliyozeeka. Mashine ile ilikuwa na vituko. Leo itatoa kopi safi, kesho itatoa kopi yenye mstari mweusi katikati kama barabara ya lami. Kopi zilizoharibika zilitupwa kwenye mfuko chini ya meza, na mfuko ukijaa alipewa Shadia bure. Naye Shadia hakwenda mikono mitupu, alimpelekea Bi Shirin karanga za kukaanga za mama yake.

Mama huyo, Raya, alikuwa na meza ya karanga mtaani Bigwa, karibu na kijiwe cha bodaboda. Karanga hazifungwi hewani, zinataka karatasi. Shadia alikunja karatasi zile zikawa vifuko vyenye ncha kali chini na mdomo mpana juu, na katika kukunja hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Hata Mjomba Mwinshehe, kaka yake mama, aliyeishi nao na kuendesha lori la nyanya kutoka Mlali, alikuwa akimtania kwamba mchumba wake atatafutwa kwa wauza karanga.

Hakuna aliyejali kilichoandikwa kwenye karatasi hizo. Mteja alikula karanga akatupa kifuko, na habari ikaisha.

Kisha akaja mtu mwenye kofia ya kijani.

Alikuja Jumamosi moja alasiri, Shadia akiwa peke yake mezani. Alikuwa mpole, tena mwenye sauti ya chini. Alinunua vifuko viwili, akaviangalia huku na huku, akasema safari nyingine afungiwe kwenye zile karatasi zenye picha za watu, zile za vitambulisho na leseni. Shadia alidhani ni mzaha. Mtu anakula karanga, anakula picha?

Jumamosi iliyofuata akarudi, akachagua vifuko vitano. Alipoondoka, Shadia alimsindikiza kwa macho. Mtu yule alifika kwenye kona ya ukuta wa msikiti, akasimama, akamwaga karanga zote mtaroni. Hakuonja hata moja. Kisha akachuchumaa, akaziweka karatasi juu ya paja lake, akaanza kuzinyoosha moja moja kwa kiganja, taratibu, kama mtu apigaye pasi.

Moyo ukamwambia Shadia, mwambie mama. Lakini Jumamosi ya tatu mtu yule alikuja na mkebe mpya wa vifaa vya hesabu, wenye bikari inayong'aa, na Shadia alikuwa darasa la sita bila mkebe. Akauweka mezani na kusema, "Ni wako. Wewe nitengee tu zenye picha. Na mama usimsumbue kwa mambo madogo kama haya."

Shadia aliinamia mfuko, akachambua zenye picha haraka haraka na kuzikunja. Hakutazama jina wala uso. Alichotazama ni mkebe. Jioni mama alipouliza umetoka wapi, akajibu kwamba amepewa na mwalimu kwa kufanya vizuri. Mama akafurahi, akamwita mwanangu mwenye akili. Neno lile lilimchoma Shadia.

Jumatano, alipotoka shule, alikuta gari la polisi limesimama mbele ya nyumba yao.

Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua, kila mmoja na lake. Mjomba Mwinshehe alitoka ndani katikati ya askari wawili, bado amevaa kandambili. Uso ulikuwa umemshuka. Alipomwona Shadia alijaribu kutabasamu, tabasamu likagoma. Gari likaondoka naye, na mama akabaki ameshika mlango kwa mikono miwili.

Usiku huo mama hakulala, na Shadia naye hakulala, ila alijifanya amelala. Alisikia mama akimweleza jirani kwa kunong'ona. Ati Mjomba alikwenda Kihonda kwa Mzee Mansuri, anayekodisha pikipiki, akaacha kopi ya leseni na ya kitambulisho cha taifa kama dhamana, akachukua pikipiki na kutokomea nayo. Polisi waliandika namba ya leseni kwenye kompyuta, yakatoka yote: jina, picha, tarehe ya kuzaliwa, mpaka nyumba anayoishi. Hawakuuliza njia. Walikuja moja kwa moja.

"Na Mwinshehe anaapa hajawahi kukanyaga kwa mzee huyo," mama alisema. "Nani atamwamini? Karatasi ina jina lake."

Shadia alivuta shuka mpaka puani. Karatasi. Kitambulisho. Leseni. Aliona tena kile kiganja kikinyoosha karatasi juu ya paja. Alitaka kuamka aseme, lakini mwili ulikataa. Akijulikana je? Akifungwa yeye? Alisogeza mkebe kwa mguu mpaka uvunguni kabisa, akawa anausikia huko gizani kana kwamba unapumua.

Alhamisi alasiri walimpelekea Mjomba chakula kituoni. Mama alibeba chungu kidogo cha wali na maharage, Shadia akabeba chupa ya maji. Nyuma ya kaunta alikaa askari wa kike, Afande Kristina, mwanamke mnene mwenye miwani na maneno machache. Shadia akamwamkia shikamoo, sauti ikatoka nusu. Pembeni, kwenye benchi, alikaa mzee mmoja mwenye kanzu na fimbo. Huyo ndiye Mzee Mansuri.

Mjomba aliletwa. Siku moja tu ilikuwa imepita, lakini alionekana kama ameugua mwezi. Mama alimsihi mzee amtazame vizuri, je, ndiye huyu aliyemkabidhi pikipiki? Mzee Mansuri akasogea, akakunja macho, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Binti yangu, mimi nina mtoto wa jicho," akasema. "Watu wote naona vivuli. Kimo ni hiki hiki. Zaidi ya hapo siwezi kuapa, ila karatasi ndiyo ile."

Afande Kristina alisema jalada la kesi linakwenda mahakamani kesho, Ijumaa. Leseni ya Mjomba imeshikiliwa, na tajiri wa lori ameshatafuta dereva mwingine. Kisha akaongeza, akizungumza kama na nafsi yake, kwamba mambo ya kopi za vitambulisho yamezidi, na yeyote anayemsaidia mwizi kuzipata naye ni mwizi mwenzake.

Shadia akarudi nyuma hatua moja. Na hapo ndipo alipoiona karatasi yenyewe, juu ya kaunta, karibu na kiwiko cha afande.

Ilikuwa kopi ya vitu viwili kwenye ukurasa mmoja, juu kitambulisho, chini leseni. Mstari mweusi ulipita katikati ya picha zote mbili na kufunika sehemu kubwa ya uso, ndiyo maana hata asiyekuwa na mtoto wa jicho angeshindwa kumtambua. Jina lilisomeka vizuri. Kwenye pembe kulikuwa na doa la mafuta, na mikunjo ilipita huku na huku, yote ikielekea kwenye ncha moja.

Mikunjo ile aliijua kama anavyojua mwandiko wake.

Mlango wa kituo ulikuwa wazi, na nje watu walikuwa wakipita na mambo yao. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Kisha akasikia Mjomba akimwambia mama kwa upole asilie, amwache Shadia aendelee na vitabu vyake, asije akaacha kusoma kwa ajili ya msiba huu. Shadia hakuweza tena.

"Afande, karatasi hiyo niliikunja mimi," akasema.

Mama akamshika bega kwa nguvu, akamwuliza anasema nini. Shadia alikuwa akitetemeka mpaka meno, lakini mlango wa maneno ukifunguka haufungiki. Alieleza yote, tangu mfuko wa Bi Shirin, mtu wa kofia ya kijani, karanga zilizomwagwa mtaroni, mpaka mkebe na uongo wa mwalimu. Alieleza huku machozi yakidondoka kwenye sare ya shule, na alipomaliza akanyoosha mikono miwili mbele, kwa kuwa alidhani sasa ndipo atafungwa pingu.

Afande Kristina hakumfunga. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamsogezea karatasi na kumwambia aikunje.

Shadia alifuta mikono kwenye sketi, akaishika. Hakuhitaji kuilazimisha. Karatasi ilirudi kwenye mikunjo yake ya zamani, upande wa kushoto ukalala, wa kulia ukafuata, ncha ikajifunga, na mara hiyo mkononi mwake kukawa na kifuko cha karanga. Afande alikigeuza juu ya kaunta, akakigonga kwa kidole. Punje mbili tatu za chumvi zikadondoka na kipande cha ganda jekundu la karanga.

Mzee Mansuri akaomba apewe akinuse, maana pua yake bado ilikuwa nzima. Akanusa. Akakaa chini taratibu, akasema, "Astaghfirullah. Nimemtesa mtu bure kwa ajili ya kifuko cha karanga."

Bi Shirin alipigiwa simu, akaja mbio. Akakumbuka kwamba mwezi uliopita Mjomba alitoa kopi za kumpelekea tajiri wa lori. Ya kwanza ilitoka na mstari mweusi, akasema hiyo tupeni, akachukua ya pili iliyo safi. Ya safi ilikutwa Mlali ofisini kwa tajiri. Mjomba akapewa dhamana jioni ile ile, lakini afande alisema wazi kwamba jina lake halitasafishika kabisa mpaka mtu wa kofia ya kijani apatikane.

Jumamosi ikafika. Shadia hakuruhusiwa kukaa mezani. Mezani alikaa mama, na mbele yake vifuko vyenye picha, ambavyo afande alikuwa amevihesabu. Shadia alikaa na Afande Kristina ndani ya kibanda cha fundi cherehani, ng'ambo ya barabara, nyuma ya magauni yaliyotundikwa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kusema ndiye au siye. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Alijiuliza, itakuwaje asipokuja? Kisha akajiuliza, itakuwaje akija?

Alikuja bila kofia. Shadia nusura asimtambue. Alikuja kwa mwendo wake ule ule wa pole, akachagua vifuko kwa ncha ya kidole, akaondoka kuelekea kona ya ukuta wa msikiti. Shadia akaona karanga zikimwagika mtaroni.

"Ndiye," akasema. Sauti haikutoka nusu.

Askari walimkamata karatasi ikiwa juu ya paja. Kwenye begi lake mlikuwa na vitambulisho na leseni za watu arobaini na kitu, vyote kopi, vyote vina harufu ya karanga. Pikipiki ya Mzee Mansuri ilipatikana siku ya tatu.

Mjomba aliporudishiwa leseni yake hakufanya sherehe. Alikuja na Bi Shirin nyumbani, wakakaa wote uwanjani, na kati yao kukawa na mfuko wa karatasi na jiko la mkaa. Shadia alikuwa amekaa mbali kidogo, macho chini. Mkebe ulikuwa umebaki kituoni kama kielelezo, na shuleni alikuwa ameshakwenda mwenyewe kumwambia mwalimu uongo aliomsingizia. Alingoja kugombezwa.

"Sogea hapa," Mjomba akasema. "Karatasi ile niliiacha mimi mezani. Bi Shirin akaitia mfukoni. Wewe ukaikunja. Sote watatu tuliiona takataka, mwizi peke yake ndiye aliyejua thamani yake. Jina la mtu na namba yake si takataka, Shadia, hata karatasi ikiharibika. Kosa hilo ni letu sote."

Akachochea mkaa.

"Lakini ule mkebe ulikuwa kosa lako peke yako. Mtu akikupa kitu na kukwambia mama yako asijue, hapo hapo kimbia ukamwambie. Ulichelewa siku tano, nami nikalala mahabusu usiku mmoja. Ungechelewa ya sita, jalada lingekuwa limekwenda. Uliogopa, nilikuona ulivyokuwa ukitetemeka, na bado ulisema. Hilo sitalisahau."

Shadia alilia, na safari hii hakuficha uso. Kisha wakaanza kazi. Kila karatasi yenye picha ilichanwa vipande vipande na kutiwa motoni, na Bi Shirin ndiye aliyechana nyingi kuliko wote.

Siku hizi karanga za mama Shadia hufungwa kwenye madaftari ya zamani. Jioni moja Shadia alichukua daftari lake la darasa la tano, akalifungua tayari kukunja, akasita. Juu ya jalada palikuwa na jina lake lote, shule yake na mtaa wake, kwa mwandiko wake mzuri. Akalichana jalada lile vipande vidogo vidogo, akavitupa kwenye jiko la mkaa, akangoja mpaka cha mwisho kikawa majivu. Ndipo akakunja kifuko cha kwanza.