Habu ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nati alichukua kipande cha mti na kulizunguka lori lao, akigonga tairi moja baada ya nyingine. Tairi lenye upepo wa kutosha lilitoa sauti kavu, na lililopungua lilitoa sauti nzito ya uvivu. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake. Baba alipofariki dunia mwaka uliopita, hakuna aliyemwambia Nati aendelee nayo wala aiache, naye akaendelea. Alikuwa darasa la sita, mfupi kuliko wenzake wote, na hata jina la Nati alipewa na huyo huyo baba, kwa maelezo kwamba nati ni kitu kidogo lakini ikikosekana gurudumu linachomoka.

"Vipi, daktari? Wagonjwa wameamkaje?" ilisikika sauti kutoka langoni.

"Shikamoo, mjomba. Wazima wote," Nati alijibu akicheka.

Huyo alikuwa Breki, dereva wao. Hakuwa mjomba wa damu. Kwa miaka mingi alikuwa utingo wa baba, kisha akapata leseni, na baada ya msiba ndiye aliyelifanya lori liendelee kubeba mawe na tofali, na nyumba ile iendelee kula. Jina la Breki alipewa na madereva wenzake kwa kejeli, kwa sababu ulimi wake haukuwa na breki. Aliongea akiendesha, aliongea akila, na wengine walisema hata usingizini anaongea. Lakini asubuhi hiyo hakutania sana. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma upande wa kulia, akachuchumaa.

"Hili jana limenipigia kelele njia nzima," alisema. "Mwite mama. Leo haliondoki hapa mpaka fundi alione."

Nati aliporudi kutoka shule alikuta lori limeinuliwa kwa jeki, gurudumu limelala pembeni, na fundi amekaa chini akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Mbele yake kulikuwa na habu, kile chuma kizito cha mviringo kinachoshikilia gurudumu kwenye ekseli. Mama alikuwa amesimama amejishika kiuno, na Breki yuko karibu naye.

"Beringi imesagika," fundi alieleza. "Na ilipokuwa inasagika, ikaila habu. Tazama hapa palivyolika. Mngesafiri hivi hivi, gurudumu lingewaaga barabarani."

"Sasa tufanyeje, fundi?" mama aliuliza.

"Kuna njia mbili, Mama Nati. Unaweza kuagiza habu mpya ya kiwandani, ikaja ndani ya boksi lake. Ni nzuri, sitakudanganya, lakini bei yake inauma, na inatoka mbali, utaisubiri. Au uchukue ya kufufuliwa."

"Mtumba?" Breki akadakia. "Fundi, mimi ndiye ninayekaa juu ya hiyo ekseli! Nina shingo moja tu."

"Hebu funga breki kidogo nimalize," fundi alisema, na wote wakacheka. "Ya kufufuliwa si mtumba. Mtumba ni kitu kimeng'olewa kwenye gari bovu kikapigwa rangi. Hii imefunguliwa, imepimwa kama ina ufa, palipolika pamejazwa na kuchongwa upya, imetiwa beringi mpya, na wanakupa dhamana. Nimezifunga nyingi na hazijaniaibisha. Ila hawakuuzii hivi hivi. Lazima uwapelekee habu yako kuukuu, maana ndiyo wanayoifufua kwa ajili ya mtu mwingine."

Nati akashusha mkoba begani. Akauliza, "Kwa hiyo yetu haitarudi?"

"Hairudi, mwanangu. Unatoa yako, unapewa nyingine."

Mama alifikiri kwa muda mfupi tu. Kulikuwa na mwenye nyumba anayejenga ambaye alishasema kwamba mawe yakichelewa, ataita lori jingine. "Tuchukue ya kufufuliwa," mama alisema. "Kesho asubuhi uipeleke hii, fundi. Breki, naomba uisafishe."

Nati akaisogelea habu. Kwenye ukingo wa habu ile kulikuwa na nukta nne zilizogongwa kwa patasi. Madereva wengi hutia alama vifaa vyao ili visibadilishwe gereji kwa hila, na hiyo ndiyo ilikuwa alama ya baba. Nukta tatu zilikaa kwenye mstari. Ya nne ilikwenda upande, kwa sababu aliigonga Nati mwenyewe alipokuwa mdogo, mkono wa baba ukiwa umeushika mkono wake. Nguo za baba zilikuwa zimeshagawiwa, na viatu vyake pia. Sasa na hiki nacho kinakwenda kwa watu wasiomjua.

Jioni, mama alitoka kwenda kuongea na yule mwenye nyumba aliyekuwa akingoja mawe. Breki aliiosha habu kwa dizeli, akaifunika gunia chini ya lori, akaaga na kuondoka. Nati alibaki peke yake uani. Aliitazama ile habu mpaka uzalendo ukamshinda. Akaisimamisha kwa shida, akaiviringisha huku akihema, mpaka nyuma ya nyumba kwenye pipa bovu lililokuwa likivuja. Akailaza chini, akalipindua pipa juu yake. Alikuwa hajapanga kitakachofuata. Alitaka tu isiondoke.

Asubuhi fundi alikuja na mkokoteni. Breki akafunua gunia, akakuta mchanga na doa la dizeli. Akainama, akachungulia chini ya lori lote, akainuka.

"Haipo," alisema.

"Haipo vipi?" mama aliuliza. Majirani wawili walikuwa wamesimama langoni, na mmoja akasema kwamba jana jioni alimwona mnunua vyuma chakavu akipita na toroli lake. Mama akamgeukia Breki. Hakupaza sauti, na labda angepaza ingekuwa nafuu. "Breki, wewe ndiye uliyekuwa nayo mwisho."

"Mama Nati, unaniuliza mimi?"

"Nani mwingine nimuulize? Aliyejua ipo hapo ni nani?"

Nati alikuwa amesimama mlangoni na sare zake za shule, mkoba mgongoni. Alitaka kusema. Lakini kila alivyozidi kusubiri ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito. Breki naye, mtu ambaye maneno hayakuwahi kumwishia, alifungua mdomo na kuufunga. Akatoa ufunguo wa lori mfukoni, akauweka juu ya bodi la lori taratibu, akaelekea langoni. Alipopita karibu na Nati alimtazama, akajaribu kutabasamu, ikashindikana.

Bila ile habu kuukuu, biashara ya kubadilishana ikafa. Fundi akaondoka na mkokoteni mtupu. Yule mwenye nyumba akaita lori jingine, na mama akaanza kuulizia habu mpya aliyojua fika kuwa hana uwezo wa kuilipia.

Habari nayo haikukaa uani. Shuleni, msichana anayekaa dawati moja na Nati alimgusa kwa kiwiko. "Kumbe mjomba wako Breki ana mkono mrefu! Mama yangu anasema ameuza nusu ya lori lenu."

"Hajauza kitu!" Nati alifoka.

"Sasa wewe unakasirika nini? Si mama yako mwenyewe aliyesema?"

Nati akampa kisogo. Alipotoka shule alipita kwenye maegesho ya malori, mahali ambapo madereva wasio na kazi husubiri kuitwa. Siku zote Breki akisimama pale kupumzika, sauti yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kusikika. Siku hiyo alikuwa amekaa peke yake kwenye tofali, mbali na wenzake. Mwenye lori mmoja alifika, akawatazama waliokuwepo, akamruka Breki na kumchukua aliyekuwa nyuma yake. Breki akainamisha kichwa, akawa anachora chini kwa kijiti. Nati alikimbia mpaka nyumbani bila kupumzika.

Mama alikuwa jikoni akichambua mchele.

"Mama, ni mimi," Nati alisema, na machozi yakamtangulia. "Habu ninayo mimi. Iko chini ya pipa. Mjomba hajaiba."

Mama aliweka ungo chini. Alikwenda nyuma ya nyumba, akaliinua lile pipa, akasimama akiitazama habu. Nati akamwonyesha nukta ya nne na kumweleza, kwa maneno ya kukatikakatika, ni nani aliyeigonga. Mama hakuwahi kuijua habari hiyo. Akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya zile nukta, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia mbele ya mtoto wake.

Kisha akajifuta uso kwa khanga. "Usivue viatu. Tunakwenda kwa Breki."

"Mama, pale kuna watu wengi."

"Ndiyo. Nilimshuku mbele ya watu. Hatuwezi kwenda kumsafisha kwa kificho."

Pale maegeshoni madereva waligeuka walipowaona. Mama alisimama mbele ya Breki, akasema kwa sauti ya kusikika, "Breki, nimekukosea. Nilikushuku kwa wizi bila ushahidi. Mbele ya hawa wote, naomba unisamehe." Kisha akamsogeza Nati mbele.

"Mimi ndiye niliyeificha, mjomba," Nati alisema. "Ina alama ya baba. Sikutaka iende."

Breki aliinuka kwenye tofali. "Asubuhi ile nilipokuwa naondoka, Nati, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniangalia tu?"

Nati akaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Breki alishusha pumzi. "Njoo hapa." Akamshika bega. "Nimekusamehe. Na wewe pia, Mama Nati, nimekusamehe, sina kinyongo. Baba yake alinifundisha kazi, siwezi kuisahau nyumba ile. Lakini sirudi."

"Breki, tafadhali," mama alisema.

"Nimetoa neno langu sasa hivi, kwa mwenye lori la safari za mbali aliyepita hapa. Mtu asiyenijua, ambaye hizi habari hazijamfikia. Kesho tunaondoka." Akaliachia bega la Nati. "Na hata ningekuwa sijatoa neno. Kila kitu kitakapopotea pale uani, hata spana, nitakuwa nawaangalia usoni kwanza, nione kama mnanishuku. Siwezi kuishi hivyo."

Akawapa mkono wote wawili na kurudi alipokuwa amekaa. Lakini dereva mmoja alinyanyuka, akamfuata, akakaa naye. Wa pili akafuata.

Kesho yake habu ilipelekwa, na Nati aliomba kwenda na fundi. Mtu wa karakana aliipima kama ina ufa, akaridhika, akaiweka kwenye rundo la nyingine zinazosubiri kufufuliwa. Hakuziona zile nukta, na Nati hakumwonyesha. Wakapewa nyingine, safi, yenye beringi mpya, na kabla ya jioni lori lilikuwa limeshuka kwenye jeki.

Mama akatafuta dereva mwingine. Alikuwa mtu mpole, mwangalifu, asiyeongea. Siku yake ya kwanza aliingia langoni, akasalimia, akakagua mafuta na maji, akawasha injini, akatoka. Hakuna aliyemwita Nati daktari. Nati akakaa kizingitini, mkoba mapajani, akaanza kulia. Mama akaja akakaa kando yake.

"Unanichukia, mama?"

"Sikuchukii. Ungeniambia ile habu ina nini kwako, tungetafuta njia. Labda ningeagiza mpya tukasubiri, labda tungekwenda tukaiaga pamoja. Kumlilia baba si kosa, mwanangu, na mimi namlilia. Kosa ni kwamba uliogopa ukanyamaza, na mimi nikakimbilia kulaumu. Wote wawili tulimtwika Breki mzigo usio wake." Akamfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Chuma kikilika, tunakipeleka, tunapewa kilichofufuliwa, lori linatembea. Mtu uliyemvunjia heshima huna pa kumpeleka. Anaweza kukusamehe, kama alivyotusamehe yule, na bado ukamkosa. Kwa hiyo ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya, inuka. Utachelewa shule."

Nati alijifuta uso, akavaa mkoba, na mama akamsindikiza mpaka njia panda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Nati alipokuwa darasa la kwanza.