Taa ya Oili na Vidole Vinne

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote ya gereji. Redio inakoroma dirishani, chai imepoa juu ya betri, na fundi mmoja yuko chini ya gari anagombana na nati. Fundi huyo watu walimwita Sikio. Si kwamba masikio yake yalikuwa makubwa, ingawa na hilo lilisemwa. Ni kwa sababu alipima injini kwa kusikiliza. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini anaubana kwenye mfupa wa sikio, anafumba macho, halafu anakuambia gari lako linaumwa wapi. Ukibisha, shauri yako.

Gereji alikuwa ameachiwa na kaka yake mkubwa, marehemu. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, mmoja kainama kwenye injini, mwingine yuko kwenye usukani, na kwa kuwa kelele hazikuwaachia nafasi ya kusikilizana, walizungumza kwa spana. Ukigonga mara moja, zima. Mara mbili, washa. Mara tatu, toka humo haraka. Hiyo ya mara tatu haikuwa na utani. Feni ya injini ilishamkata kaka ncha ya kidole cha kati, na tangu siku hiyo alisema atakayeigonga kwa mzaha watakosana.

Kaka huyo alipenda gari moja tu duniani: la zamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo, viti vya ngozi. Alilinunua kwa watu waliokuwa na haraka ya kuliondoa uani kwao. Hakuwauliza haraka ya nini. Na ndani ya gari hilo ndimo alimofia. Walimkuta kando ya barabara, injini imezimwa, mikono iko kwenye usukani, shingo imegeukia kiti cha nyuma. Daktari alisema ni moyo. Begani, kwenye shati, kulikuwa na alama za oili za vidole vinne virefu. Hakuna aliyezishangaa. Fundi kuwa na oili kwenye shati, hiyo nayo ni habari?

Sasa binti wa marehemu alikuwa anaolewa Jumamosi, na alitaka kitu kimoja tu: kupelekwa na gari la baba. Baba hayupo, basi angalau gari lake liwepo. Sikio aliapa litakuwepo. Mtoto wa kaka ni mtoto wake, na alikuwa amemwahidi kaka kaburini kwamba huyu hatapata baya yeye akiwa hai.

Kasoro ilikuwa taa.

"Shemeji," mjane wa kaka alimwambia asubuhi alipolileta, "ile taa nyekundu ya oili. Nikiendesha peke yangu haiwaki. Nikimpakia mtoto, inawaka."

Sikio alicheka. "Taa haichagui abiria, shemeji wangu. Niachie mimi."

Mchana akaliwasha. Taa ikawaka, injini iliposhika ikazima, kama inavyotakiwa. Akakanyaga mafuta, akaachia, akazunguka nalo mtaa mzima. Haikuwaka. Akaanza kumcheka shemeji moyoni, maana wateja ndivyo walivyo, akaliegesha ndani ya gereji huku linanguruma.

Mara binti akapita akitoka kazini, blauzi yake safi, furaha imemjaa usoni. Hakusalimia vizuri hata. Alifungua mlango wa nyuma, akakaa, akajinyoosha.

"Hapa ndipo nitakapokaa, baba mdogo. Gauni litatosha?"

"Litatosha ukipunguza kula."

Akacheka. Halafu akainama katikati ya viti vya mbele. "Mbona taa imewaka?"

Imewaka kweli. Nyekundu, imetulia.

Sikio alianza kazi kama alivyofundishwa na kaka, kitu kwa kitu. Alizima, akasubiri oili ishuke, akachomoa kijiti cha kupimia. Oili imejaa, safi. Akaitoa kwenye injini swichi ya oili, ile inayoiwasha taa, akafunga geji ya kupimia presha mahali pake, akawasha tena. Presha nzuri, sindano imesimama pale pale. Basi swichi imekufa. Akafunga mpya.

"Imezima?" aliuliza kutoka nyuma ya boneti.

"Bado."

Akachomoa waya kwenye swichi. Hapo hakuna ubishi, waya ukitoka taa lazima izime, labda tu waya uwe umechubuka na kugusa bodi.

"Sasa?"

"Bado, baba mdogo."

Akaupapasa waya wote hadi kwenye dashibodi. Mzima kama mpya. Alikuwa ameanza kutoka jasho, na halikuwa la joto. Akaingia kwenye kiti cha mbele, akapitisha mkono nyuma ya dashibodi, akaizungusha balbu, akaichomoa. Akaishika kiganjani. Ilikuwa ya baridi.

Kwenye dashibodi, tundu lile tupu liliendelea kuwaka jekundu.

Sikio alizima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Taa haikuzima. Gereji ikawa kimya, hata redio kama ilijisahau.

Kwenye injini, chuma kikagongwa.

Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Nani anagonga?" binti alinong'ona.

Sikio alitaka kusema ni chuma kinapoa. Lakini mgongo wake uliujua mkono ule. "Toka," alisema taratibu. "Toka sasa hivi, mwanangu."

Alitoka. Sikio alibaki anaitazama taa, akisubiri izime. Haikuzima. Shemeji alisema inawaka akimpakia mtoto, na mtoto keshatoka. Basi nani bado yuko nyuma?

Aliinua macho kwenye kioo. Pale alipokuwa amekaa binti, kiti kilikuwa kimeshanyanyuka. Upande wa pili ngozi ilikuwa imebonyea. Ikaanza kunyanyuka polepole, kama mtu anayejizoazoa ainuke. Mlango wa upande ule ulikuwa wazi. Hakuna aliyeufungua.

Taa ikazima.

Sikio alishuka. Alimwambia binti gari halifai, asiulize. Binti alinuna, akaondoka zake. Na Sikio, jamani, alimshukuru Mungu. Alidhani amemwokoa. Alinawa mikono, akarudisha balbu mahali pake, akaliwasha gari akiwa peke yake, na taa ikafanya kazi yake vizuri kabisa. Hakujiuliza kilichotoka kimeelekea wapi.

Jumamosi bibi harusi alipelekwa na gari la kuazima. Ndoa ikafungwa, watu wakala, wakacheza. Jioni, maharusi wakiwa wamekwisha badilisha nguo na kuondoka na gari la bwana harusi, mjane alimwita Sikio chumbani. Gauni jeupe lilikuwa kitandani.

"Hata leo, shemeji? Siku moja tu hukuweza kunawa?"

Begani kulikuwa na alama za oili. Vidole vinne, virefu.

Sikio alinyoosha mikono yake. Alikuwa ameisugua tangu alfajiri, mpaka kucha. "Sijamgusa," alisema. "Leo nimemwonea aibu hata kumkumbatia."

Mjane alilitazama lile bega. Akakaa kitandani. "Shati lake," alisema kwa sauti ndogo. "Lilikuwa hivi hivi."

Sikio alikuwa ameshatoa simu.

Binti alipokea haraka. Barabara ilisikika ikipita chini yao. "Baba mdogo, nilikuwa nataka kukupigia. Usicheke..."

"Taa imewaka."

"Umejuaje?"

"Mko wangapi humo?"

"Wawili. Tuko mbele, nyuma hakuna mtu."

Na hapo, ndani ya simu, Sikio aliisikia spana. Mara tatu.

"Simamisheni gari. Tokeni wote. Na usigeuke nyuma, mwanangu. Chochote utakachosikia, usigeuke."

Alisikia breki. Mlango. Mlango mwingine. Viatu kwenye changarawe, watu wanakimbia. Halafu pumzi za binti.

"Tuko mbali na gari," alisema. "Limezimwa. Taa bado inaonekana."

Walirudi mjini kwa basi. Asubuhi Sikio, mjane na bwana harusi walilifuata gari. Lilikuwa pale pale kando ya barabara, limepoa usiku kucha, boneti imelowa umande. Oili ilikuwa imejaa. Taa imezima. Sikio aliweka bisibisi kwenye injini, mpini kwenye sikio, akasikiliza. Hakusikia kitu.

Ni mjane aliyefungua mlango wa nyuma. Kwenye mgongo wa kiti cha mbele alichokaa binti, kitambaa cha kijivu kilikuwa na alama ya vidole vinne virefu. Vilikuwa vimeshika juu, karibu na bega, kisha vikaburuzwa chini, kama mkono uliovutwa kwa nguvu. Na pale kifundo cha mkono huo kilipostahili kuwa, palikuwa na alama ya mkono mwingine, mpana, umekibana. Kidole chake cha kati kilikuwa kifupi kuliko vingine.

Mjane hakulia. Aliweka kiganja chake juu ya alama ile pana, kidole juu ya kidole, akakiacha hapo. Alipokitoa kilikuwa cheusi. Alimnyooshea Sikio akiguse.

Oili ilikuwa bado ya moto.

"Atamshikilia mpaka lini?" mjane aliuliza.