Rangi ya Uongo Rubwera

"Saba, unanipata?"

"Nakupata."

"Kapita Songambele. Hilux nyeupe. Vioo vya maabara viko kwenye sanduku. Usilipige risasi sanduku."

Salvina Rwegoshora, aliyeitwa Saba redioni, alikaza mshiko. Pikipiki yake ya Yamaha ikanguruma. Saa nane mchana, vumbi tupu. Mbele yake Hilux ilisaga kahawa iliyoanikwa kando ya barabara, wenye kahawa wakarukia migombani wakilaani.

Dakika kumi hadi mpaka wa Uganda.

Miaka kumi na moja ya ujasusi, Salvina hakuwahi kwenda kazini na hasira. Leo alikuwa nayo hadi kwenye meno.

Dereva wa Hilux alikuwa Daktari Cleophace, mwenye kliniki pale Rubwera. Alikuwa na kompyuta ya ajabu. Kipande cha nyama ya mgonjwa kiliwekwa kwenye kioo, kikapigwa picha kwa hadubini bila dawa yoyote ya rangi. Kompyuta, iliyojifunza kwa maelfu ya picha, iliipaka picha hiyo rangi ili seli zionekane. Kifaa kizuri. Kingeokoa watu.

Cleophace akakifundisha upya. Seli salama zikapakwa rangi ya saratani.

Wanawake arobaini na mmoja wakakatwa matiti, kisha wakanyweshwa dawa za majaribio za kampuni ya kigeni iliyomlipa.

Shenzi!

Salvina alichomoa Glock. Risasi mbili. Tairi la nyuma likapasuka, Hilux ikajitupa migombani.

Cleophace alitoka na sanduku, akaliinua juu ya jiwe.

"Ukisogea, navivunja vioo!"

Simu ikalia sikioni mwa Salvina. Alikuwa Projestus, mpima damu wa maabara, aliyekuwa amebaki na kioo kimoja.

"Dada, nimekitia rangi ya kweli, ya chupa. Nimekiangalia mara tatu. Seli ni safi."

"Cha nani?"

"Mama Costansia, mmoja wa waliokatwa."

Salvina alipomrudishia maneno hayo ya Projestus, Cleophace alicheka. "Picha zangu zinaonyesha saratani. Nani atamwamini mpima damu?"

Salvina alimrushia kofia ya pikipiki usoni. Teke la goti. Jamaa akaanguka, sanduku likatua mikononi mwa Salvina.

Akamkandamizia mdomo wa bastola sikioni.

Sekunde tano.

Akatoa pingu.

Polisi walipofika, alimpigia Costansia mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hukuwa na saratani. Hukuwahi kuwa nayo."

Sauti ya Costansia ikawa kavu:

"Sasa titi langu walilikatia nini?"

Salvina alilibana sanduku kwapani, na mama akaendelea:

"Huyo daktari yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Msimuue. Nataka anitazame mahakamani nikifungua blauzi."

Salvina alimkabidhi sajini sanduku, akampita Cleophace bila kumtazama, akawasha Yamaha.