Jina la Baba Mkwe

Ukungu uliteremka msituni mchana kweupe, mnene hata Atupakisye akawa haoni mti ulio mbele yake. Aligeuka kumwita mumewe, mguu ukateleza, akabiringika bondeni huku mianzi ikimchana mikono. Gogo ndilo lililomzuia. Aliita, hakujibiwa na mtu. Mvua tu, na maji yaliyonguruma huko chini.

Hakuwa na nafasi ya kulia. Mzee Geresoni, baba mkwe wake, alikuwa amelala humu msituni usiku wa kuamkia leo, naye siku hizi hukosa hata njia ya kwenda chooni. Baridi ya Rungwe isingemwacha hai akilala humu tena.

Tangazo lilikwisha kuingia kwenye simu za Tukuyu nzima. Kanisani lilisomwa, redioni likarudiwa: mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, koti la kijivu, asikimbiliwe, aitwe taratibu kwa jina lake. Watu wa Bulyaga na Kisiba wakamiminika kumtafuta. Tangazo halikusema alivyopotea, maana Atupakisye aliona haya kueleza. Kwao, mke hakutani na baba mkwe uso kwa uso, wala hatamki jina lake. Jana alimsikia mzee akitoka, akajibanza migombani ili apite. Alipoinua macho, mzee hayupo. Heshima gani hiyo! Alijilaani njia nzima.

Mara akasikia kikohozi, chini yake kidogo.

Alishuka kwa makalio, akishikilia mizizi. Mzee alikuwa amesimama ukingoni mwa poromoko, ameloa chapachapa, anayumba.

Jina hilo hakuwahi kulitamka. Alilitoa kwa nguvu.

"Geresoni!"

"Nani wewe?"

"Mimi, mke wa Isakwisa."

Hapo alikosea. Mzee alisahau mengi, mwiko hakuusahau. Alijifunika uso kwa koti, akaanza kurudi nyuma.

"Mkwe, pita! Pita kwanza!"

Kisigino chake kilisukuma mawe, yakaporomoka mbali. Atupakisye aliganda kwa hofu. Akimfuata, mzee atazidi kurudi.

"Tata," akasema, kama mtoto amwitavyo baba yake, akijikaza asilie, "nimekosea kusema. Mimi ni binti yako. Nimekuletea maji."

Koti likashuka taratibu. "Binti yangu?"

"Ndiyo, tata. Nipe mkono."

Mkono ulikuja, wa baridi kama jiwe la mtoni. Alimvuta mpaka chini ya mti, akamnywesha, akamfunga kitenge chake kifuani, kisha akapiga mayowe hadi sauti ikakauka.

Watu walifika na kamba, Isakwisa mbele. Alipomwona mkewe amempakata baba yake, hakujua aangalie wapi.

"Tata, unaumia wapi?" aliuliza hatimaye.

Mzee alimkazia macho. "Mimi unaniulizia nini? Mpe dada yako koti. Humwoni anavyotetemeka?"

 Isakwisa alivua koti lake, akamfunika mkewe mabegani.

"Pole, dada," akasema.