Mama Barafu na Sare za Wauguzi

Dobi wa mtaa wetu alipenda mvuke. Kila asubuhi aliwasha moto uani, akachemsha maji kwenye pipa, akatumbukiza nguo zote bila kuchagua. Baba yake, dobi vilevile, alimfundisha kuwa nguo isiyochemshwa haijafuliwa. Ukimbishia, alikwambia maji baridi ni ya kuoshea vikombe.

Mkewe alisugua, yeye akapiga pasi. Walikuwa na kazi moja ya uhakika: kufua sare nyeupe za wauguzi wa kituo cha afya. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wao na watoto wao.

Shida ilianza pale madoa ya damu yalipokataa kutoka. Sare zilirudi kituoni na mabaka ya kahawia. Dobi akanunua sabuni ya unga, ile inayosifiwa kwa kutoa madoa, akaitia kwenye pipa linalotokota. Madoa yakazidi kung'ang'ania. Matroni, mkuu wa wauguzi, akaleta furushi jingine na kusema kuwa hili nalo likirudi na madoa, atatafuta dobi mwingine. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtia mke hofu zaidi.

Mke hakumwomba mtu ruhusa. Alikwenda nyumba ya pili, kwa Mama Barafu.

Mama Barafu ni mkemia mstaafu, na jina hilo alilipata kazini. Alipoanza kazi maabara alikuwa mwanamke pekee, na wakubwa wakampa chupa aoshe. Akaosha, huku akisoma. Baadaye akaanza kuchunguza vimeng'enya, vitu vidogo vinavyosaga chakula tumboni na kufanya kazi nyingine nyingi mwilini. Aliwakuta wenzake wakipasha moto sampuli zao ili kazi iende haraka, kisha wakilalamika kuwa hazifanyi lolote. Yeye aliweka zake kwenye ndoo ya barafu, akatembea nayo kila chumba. Walimcheka mpaka wakachoka. Lakini vimeng'enya vyake vilifanya kazi, vyao havikufanya, na hatimaye wakaanza kuiazima ndoo yake. Alistaafu akiwa mkuu wa maabara ileile.

Alifika uani, akatazama pipa, akasoma maandishi kwenye pakiti ya sabuni. Akatabasamu.

"Mwanangu," akamwambia dobi, "humu ndani mna vimeng'enya. Kazi yake ni kukata uchafu wa damu, maziwa na jasho vipande vidogo vidogo, maji yavibebe. Wewe unavichemsha. Umeajiri vibarua, halafu unawaangamiza kabla hawajashika jembe."

Dobi akauliza kama hivyo vimeng'enya ni wadudu.

"Wala si viumbe hai. Ni protini, kama ute wa yai. Yai ukilichemsha, halirudi kuwa bichi. Na damu nayo ikipata moto hugandia kwenye uzi."

Dobi alinuna. Akasema baba yake alifua hivyo maisha yake yote.

"Mzee alitumia sabuni ya mche," Mama Barafu akajibu kwa upole. "Hii ni nyingine, na ina masharti yake."

Mke akasema, "Baba watoto, tujaribu. Tukiendelea hivi, kazi imeshatutoka."

Dobi akauzima moto.

Mke akavaa glavu, kwa sababu damu ya mgonjwa haishikwi kwa mkono mtupu. Waliloweka sare kwenye maji baridi kwanza, damu ikaanza kuachia. Wakamwaga maji hayo, wakatia ya vuguvugu pamoja na sabuni ya unga, wakaziacha humo kwa saa kadhaa. Huo ndio uliokuwa mtihani wa dobi. Alizunguka karai kama mume anayesubiri mkewe ajifungue. Kila aliponyoosha mkono kuelekea kuni, mkewe alikohoa. Madoa yalipotoka, Mama Barafu akamwambia sasa achemshe, ili kuua vijidudu. Jamani, alivyokimbilia hizo kuni!

Sare zilipokauka na kupigwa pasi, dobi akazipeleka kituoni. Matroni aliinua moja baada ya nyingine dirishani. Akairudia ya kwanza. Kisha akasema kazi ni yao, na kuanzia wiki ijayo watafua na mashuka ya wodi.

Dobi hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Barafu, akamweleza yote.

"Nimepewa vyeti vingi, mwanangu, vingine hata sijui viko wapi," Mama Barafu akasema. "Lakini hakuna aliyewahi kugonga mlango wangu kuniambia kuwa kazi yangu imemwokolea riziki yake."

Akafuta machozi bila kuyaficha. Kisha akauliza hayo mashuka yanaletwa lini, maana alitaka awepo.