Niliitoa Siri ya Mdogo Wangu Nikijiita Msuluhishi

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na tisa, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na naishi peke yangu hapa Kinampanda. Mezani kwangu kuna kitabu chenye jalada la kijani, mwongozo wa wasuluhishi wa familia. Mchwa wamekila pembeni, lakini ukurasa wa tisa unasomeka vizuri kabisa... Laiti wangeanza na huo!

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilijaa magulioni, na mashirika yakamiminika wilayani na semina zao. Shirika moja lilitafuta walimu wa kufundishwa kusuluhisha ndoa na ugomvi wa wanafunzi, na mwalimu mkuu akanichagua mimi. Nilikaa Singida mjini wiki nzima, nikarudi na begi, cheti na kitabu hicho. Jamani, nilijiona!

Shuleni nikaunda kundi la wanafunzi wapatanishi, wanne wa darasa la sita, nikawashonea vitambaa vya njano vya kufunga mkononi. Kijijini nikaingizwa kwenye baraza la usuluhishi la kata. Watu wakaanza kuniita Mama Suluhu. Mdomoni nilikataa jina hilo, moyoni nililipenda kupita kiasi.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na makatazo mawili. La kwanza, usisuluhishe shauri la ndugu yako. La pili, ukimsikiliza kila mmoja peke yake, alichokuambia hakitoki humo ndani mpaka mwenyewe akuruhusu. Niliyajua kwa kichwa. Niliyafundisha hata kwa watoto!

Basi, mdogo wangu Yunisi alikuwa ameolewa na Elia, mnunuzi wa alizeti, mtu wa Kintinku aliyehamia kwetu kwa biashara. Walikuwa na binti mmoja, Neema, wa miaka minne. Elia alikuwa na mkono mwepesi. Yunisi alipokuja kwangu na jicho limevimba, nilipaswa kumpeleka kwa wajumbe wengine wa baraza. Sikumpeleka. Watu wangesema nini? Mama Suluhu anapatanisha kata nzima, na kwa mdogo wake ndoa inavunjika? Ndiyo, niliogopea jina langu. Leo nalisema wazi.

Nikamkalisha Yunisi nyumbani kwangu, peke yake, kama kitabu kilivyoagiza. Akaniambia yote. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, mkoa mwingine, na mwezi wa saba angeondoka na Neema bila Elia kujua. Mama mdogo wa rafiki yake angekaa na mtoto. Aliniomba jambo moja tu, nisimwambie mtu. Nikamwahidi.

Kesho yake ikawa zamu ya Elia. Yule mwanamume alilia, wasomaji wenzangu... Alilia mpaka kola ya shati ikalowa.

"Dada," alisema, "niambie tu ninapokosea. Nitajirekebisha."

Nami nikayeyuka. Nilifikiri akijua amebakiza hatua moja ampoteze mke, ataogopa na kubadilika. Nikamwambia kuhusu chuo, kuhusu mwezi wa saba, kuhusu mtoto. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa unyenyekevu mwingi. Nililala usingizi mzuri siku ile, nikijua nimeokoa ndoa.

Jumatatu wasichana wawili waligombana shuleni, wakapatanishwa na Zaituni, mmoja wa wale wanne. Nikamuuliza Zaituni yule msichana wa kwanza alimwambia nini. Akaficha mikono nyuma, akatazama chini.

"Mwalimu, ulisema tusiseme."

Nikamsifu mbele ya shule nzima, wakampigia makofi. Unaona upofu wangu? Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshika nilichokitupa mimi, na sikustuka hata kidogo!

Siku ya gulio, Yunisi aliporudi nyumbani alikuta nguo za Neema hazipo. Elia alikuwa amempandisha basi na kumpeleka Kintinku kwa mama yake.

Shauri likaja barazani. Nilitaka nikae pembeni, lakini Elia alisimama mbele ya wazee, ametulia kabisa, akanyoosha mkono kuelekea kwangu.

"Mke wangu alipanga kunitoroka na mtoto. Aliyeniambia ni dada yake mwenyewe, msuluhishi wenu."

Yunisi aligeuka akanitazama. Hakulia wala hakunitukana. Ningefurahi angenitukana... Wazee wakaamua mtoto abaki kwa baba mpaka mama atulie.

Yunisi aliiacha nafasi ya chuo, akarudi kwa Elia ili ampate mwanawe. Elia akazidisha kipigo, na mtoto hakumleta. Baada ya mwaka mmoja mdogo wangu aliondoka na kanga mbili na meno yaliyopungua. Alikuja kuwa muuguzi baadaye, kwa jasho lake, bila msaada wangu. Neema alikulia Kintinku akiambiwa kwamba mama yake alimkimbia. Walipokutana tena, binti alikuwa na miaka kumi na saba, akampa mama yake mkono kama anavyopewa mgeni.

Mimi nilijitoa barazani, lakini kujitoa kwangu kulimsaidia nani?

Mwaka juzi tulimzika mama yetu. Yunisi alikuja, nywele zimeingia mvi. Nikamfuata penye kaburi, nikitafuta neno la kuanzia. Yeye akawahi.

"Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu! Mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemfundisha kusema dada kabla hajajua kutembea... Nikaitika marahaba. Akapita, akaenda kuosha mikono.

Wenzangu mnaokaa kwenye mabaraza, na ninyi walimu mnaofundisha watoto kupatanisha, nawasihi. Akija ndugu yako, mpeleke kwa mwingine, hata kama jina lako litachafuka. Na ukipewa siri, usiitoe hata kwa nia njema, hata kwa machozi ya mtu. Nia yangu ilikuwa njema kabisa, na haikumrudishia Yunisi siku hata moja ya utoto wa Neema.